Barua zenu: stori za mpakani Marekani, na nani alikuwepo pale

Salamu kwenu wote. Toleo lililopita tuligusia vile vitabu vinavyosimulia historia ya Marekani ya mwanzo kama vile mtu amekaa na wewe anakupigia stori, na kusema kweli sikutegemea barua zitakuwa nyingi hivi, kumbe Arusha na Moshi kuna watu wanavisoma kimya kimya. Kwa aliyekosa toleo lile, tunaongelea bonde la mto Ohio na Kentucky, kuanzia kama miaka ya 1750 mpaka 1813, kule ambako mashamba ya wazungu yalikuwa yanaishia na nchi ya watu wengine inaanza, ndo wanapoita mpakani. Nimechukua barua tano, nimezifupisha kidogo.

Mimi ni fundi redio hapa Ngarenaro. Nimenunua kitabu kwa wale wanaopanga vitabu vya mtumba chini, elfu tatu tu, jalada halipo na gundi imekauka kurasa zinachomoka kama karata. Kinamhusu Simon Kenton na wenzake. Mwandishi anasema kila kitu humo ni kweli, ila watu wanaongea mwanzo mwisho kama mchezo wa redio, mpaka alichowaza mtu kabla hajakata roho kimeandikwa. Hii ni historia au riwaya?

Kaka, swali lako ndo lenyewe, na ntalijibu kwa urefu maana hizo barua nyingine zote zinarudi hapo hapo.

Babu yangu Marangu alikuwa na stori moja ya kesi ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba. Maji yamekatwa huko juu usiku, watu wakapanda na mienge kwenda kuangalia, wakakutana na wa upande wa pili pale pale maji yanapogawanyika. Nimeisikia mara nyingi mpaka naijua kwa moyo. Nilipokuwa mdogo ilikuwa fupi tu, wakagombana, wakarudi, kesi ikaenda kwa mangi, yaani chifu. Nilipofika kidato cha pili kila mtu kwenye ile stori alishakuwa na maneno yake, yule anasema hivi huyu anamjibu vile, na babu anabadilisha mpaka sauti. Siku moja nikamuuliza, babu wewe ulikuwepo? Akaniambia hapana, mimi nilikuwa bado tumboni mwa mama. Na hakuwa mwongo babu yangu. Mfongo ulikatwa kweli, kesi ilienda kweli, hata leo ukipanda utaonyeshwa pale mahali. Ila yale maneno waliyoambiana ni ya kwake, kayatia mwenyewe mwaka hadi mwaka ili sisi tuliokaa jikoni tuone.

Sasa kitabu chako kiko hivyo hivyo. Simon Kenton alikuwepo kweli, alizaliwa Virginia mwaka 1755, akiwa na miaka 16 akapigana na kijana mwenzake kisa msichana, akadhani ameua, akakimbilia porini mwaka 1771 na kujibadilisha jina akawa Simon Butler, ikapita zaidi ya miaka kumi ndo anakuja kugundua kumbe yule jamaa ni mzima wa afya. Mwaka 1778 Washawnee, moja ya makabila ya wenyeji, wakamkamata, wakampitisha mbio katikati ya mistari miwili ya watu wenye fimbo, tena zaidi ya mara moja, akahukumiwa kuchomwa moto, akaja kuokolewa na Simon Girty, mzungu aliyekuwa anapigana upande wa wenyeji na ambaye walifahamiana zamani. Hayo yanajulikana kwasababu Kenton aliishi mpaka 1836 na watu walimfuata uzeeni wakamuuliza. Lakini alichokuwa anawaza amefungwa pale kwenye mti, au Girty alimwambia nini neno kwa neno, hapo hapakuwa na mtu ameshika karatasi. Hayo ni ya mwandishi.

Ngoja nikupe mfano mmoja ambao mimi ukinishika usiku ntauelezea. Kulikuwa na kiongozi wa Wamingo, nao ni wenyeji wa kule, aliyeitwa Logan, mtu aliyeelewana na wazungu siku zote. Tarehe 30 Aprili 1774, sehemu inaitwa Yellow Creek kando ya mto Ohio, ndugu zake walivuka kwenda upande wa wazungu, wakanyweshwa pombe, alafu wakauawa, akiwemo dada yake. Logan akalipiza, vita ikawaka. Ilipofika muda wa kukaa kufanya amani yeye hakwenda, alitoa tu maneno yake kwa John Gibson, naye Gibson akayapeleka kambini kwa gavana Lord Dunmore, yakachapwa kwenye magazeti mwaka 1775, baadae Thomas Jefferson akayatia kwenye kitabu chake na watoto wa shule Marekani wakawa wanayakariri vizazi na vizazi. Ni maneno yanayouma sana, mtu anaeleza kwamba hakuna damu yake hata moja iliyobaki, wa kumlilia hayupo.

Sasa tulia uangalie yale maneno yamepita wapi. Yametoka kwa Logan, yamepita kwa Gibson, yameandikwa kwa Kiingereza. Na yule dada wa Logan aliyeuawa ndo alikuwa mke wa Gibson! Mtoto wao mchanga alinusurika. Kwahiyo mkalimani naye ni mfiwa, we fikiria alivyokuwa anatafsiri. Alafu hotuba inamtaja mzungu mmoja, Cresap, kuwa ndiye aliyeua, wakati kundi lililofanya yale liliongozwa na mtu mwingine, Daniel Greathouse, na Jefferson alisumbuliwa na hilo jina mpaka mwaka 1800 akatoa maelezo ya ziada. Msiba ni wa kweli, jina la muuaji limekosewa, na vyote viko kwenye karatasi ile ile moja ambayo watu wanailia.

Mimi nasoma na penseli. Kila nikifika kwenye tukio naweka herufi pembeni: A kama aliyesimulia alikuwepo, S kama alisikia tu kwa mwingine, M kama hapo ni mwandishi mwenyewe anajaza. Ukifika sehemu mtu anawaza, weka M usijiulize mara mbili. Kurasa kumi tu utashangaa M zilivyo nyingi, na wala hutakichukia kitabu, utaanza kukisoma kama unavyomsikiliza babu.

Naandika kutoka Pasua, Moshi. Mwanangu yupo kidato cha tatu, kitabu cha aina hiyo anakisoma mpaka usiku kwa tochi ya simu. Juzi mezani akasema wale Wahindi Wekundu walikuwa wanyama tu, kazi yao kuchoma watu. Niliumia. Nimnyang'anye?

Shikamoo mama. Naomba usimnyang'anye, kijana anayesoma usiku bila kulazimishwa ni wa kushikilia kwa mikono miwili. Ila mwambie akuonyeshe hiyo sura ya kuchoma watu. Nadhani itakuwa ni ya kuchomwa kwa kanali mzungu William Crawford, Juni 1782, maana vitabu hivi vinaipenda sana na vikifika hapo vinakaa, moto unaelezwa kurasa na kurasa. Ilitokea kweli na ilikuwa mateso mabaya, siwezi kuipunguza. Tunaijua kupitia daktari John Knight, alikuwa mateka pamoja naye akatoroka, ila maelezo yake yalitoka mwaka 1783 yakiwa yamepita mikononi mwa mwandishi Hugh Henry Brackenridge, na huyo bwana chuki yake kwa wenyeji hakuificha.

Sasa mrudishe nyuma miezi mitatu tu. Tarehe 8 Machi 1782, kijiji cha Gnadenhutten huko Ohio. Walikuwa Walenape, Wakristo, wa kanisa la Moravian, hilo hilo ambalo ndugu zetu wa Mbeya na Tabora wanasali mpaka leo. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu mwaka uliotangulia, njaa ikawabana, wakarudi kuvuna mahindi yao waliyoyaacha shambani. Wanamgambo kutoka Pennsylvania wakawakusanya kwa maneno matamu, wakawanyang'anya silaha, wakapiga kura wawafanyeje, na wachache tu ndo walikataa. Wale watu wakaomba wapewe usiku ule wasali, wakakesha wanasali na kuimba nyimbo za kanisani. Asubuhi wakauawa, mmoja mmoja, wanaume, wanawake na watoto, jumla 96. Vijana wawili walipona ndo wakaenda kusimulia.

Crawford mwenyewe Gnadenhutten hakuwepo, ila waliomchoma walikuwa Walenape, na hasira yao ilikuwa hiyo. Kwahiyo mama mpe mwanao kazi moja, ahesabu kurasa. Crawford, mtu mmoja, kapewa ngapi, na wale 96 wamepewa ngapi. Mwache ahesabu mwenyewe kwa kidole, usimwambie jibu, alafu mrudi kuongea mezani.

Na hilo jina la Wahindi Wekundu tuliache jamani, mimi niliacha kulitumia siku nilipojifunza majina yao. Sio Wahindi wala sio wekundu. Ni Washawnee, Walenape, Wamingo, Wamiami, kila watu na lugha yao na ugomvi wao na udugu wao, kama ambavyo sisi hapa tunajua Mmeru sio Mwarusha na Mwarusha sio Mmaasai wa Longido, na mtu akituchanganya tunanuna.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nakaa Sakina. Nimesoma viwili vya namna hiyo na sijaona mtu mweusi hata mmoja mwenye jina, wakati watumwa walikuwepo Virginia tangu zamani. Walikuwa wapi?

Mdogo wangu, walikuwepo, tena kwenye matukio makubwa kabisa. Rudi kwenye ile sura ya mwaka 1773, Daniel Boone, yule mwindaji maarufu wa mpakani, anajaribu mara ya kwanza kupeleka familia Kentucky. Tarehe 10 Oktoba alfajiri kundi dogo lililokuwa nyuma likavamiwa, mtoto wake James, miaka 16, akauawa kwa mateso pamoja na kijana mwingine, Henry Russell. Vitabu vinaeleza hayo mateso kwa undani mpaka unafunika uso. Sasa jiulize, undani ule kauleta nani? Kauleta Adam, mtumwa, aliyejificha kwenye magogo yaliyoletwa na maji kando ya mto akaona kila kitu. Mwenzake Charles, naye mtumwa, alichukuliwa akauawa. Kwahiyo penseli yako ukiweka A pembeni ya tukio hilo, hiyo A ni Adam, na kitabu kinaweza kikatumia macho yake sura nzima bila kumpa jina.

Mwingine ni Pompey. Februari 1778 Boone na wenzake walikuwa wanachemsha chumvi Blue Licks, unachemsha maji mapipa kwa mapipa unapata chumvi kidogo tu, ndo Washawnee wakawakamata. Chifu Blackfish akamfanya Boone mwanawe kabisa, akaitwa Sheltowee yaani Kobe Mkubwa, na hii haikuwa maigizo, walikuwa na desturi ya kumchukua mateka akae kwenye nafasi ya ndugu aliyekufa, anapewa jina, anapewa mama. Juni Boone akatoroka, karibu kilomita 250 kwa siku 4, Septemba Washawnee wakaizingira ngome ya Boonesborough na mazungumzo yakaanza, baba wa kupewa na mtoto aliyekimbia. Aliyekuwa katikati anatafsiri ni Pompey, mtu mweusi aliyeishi na Washawnee. Kila neno zito ulilosoma kati ya Boone na Blackfish, kwa sehemu kubwa limepita mdomoni mwake! Aliuawa kwenye mzingiro ule ule, na hakuna aliyewahi kukaa chini kumuuliza yeye aliyaonaje. Hapo mimi huwa nasimama kusoma kwa muda.

Ukitaka utafiti wa chuo, kaa hapo hapo kwa wakalimani. Sijaona sehemu tamu zaidi.

Kijana wa Majengo, Moshi. Nina maswali matatu ya haraka. Boone alivaa ile kofia ya manyoya yenye mkia? Nani alimuua Tecumseh, yule kiongozi wa Washawnee, maana kila kitabu na mtu wake? Na nifanyeje, mito na ngome zinanichanganya?

Kofia hapana, Boone alivaa kofia ya kawaida ya ukingo mpana. Na ukiona Boone anaongea Kiingereza cha kupamba kama profesa, ujue hiyo ni kalamu ya John Filson, mwalimu wa shule, aliyemwandikia habari za maisha yake kwenye kitabu cha mwaka 1784 kana kwamba Boone anaongea mwenyewe.

Tecumseh alikufa tarehe 5 Oktoba 1813 kwenye vita ya mto Thames, Kanada. Aliyepewa sifa ya kumuua ni Richard Mentor Johnson, na sifa hiyo aliitembeza kwenye kampeni mpaka akawa makamu wa rais mwaka 1837, ushahidi wa kumaliza ubishi hakuna. Hata kaburi halijulikani, na picha yake iliyochorwa akiwa hai yenye uhakika hakuna. Hiyo ya kwamba alimpenda Rebecca Galloway akamfundisha kusoma vitabu vya Shakespeare ni stori ya ukoo wa Galloway wenyewe, weka S kubwa hapo.

Mito: chora mstari mmoja wa Ohio kwenye jalada la nyuma la daftari, kutoka Pittsburgh kulia unashuka kushoto. Kusini yake Kentucky, kaskazini yake vijiji vya Washawnee. Asilimia kubwa ya vurugu zote ni watu kuvuka huo mstari, huku au kule.

Mimi ni mzee wa Old Moshi. Naheshimu kazi yenu, lakini Mangi Meli alinyongwa hapa kwetu tarehe 2 Machi 1900, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani na mpaka leo hatujakirudisha. Kwanini mnamaliza kurasa na habari za Ohio?

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja na sikujibu haraka.

Mimi niliingia kwenye hivi vitabu kwa bahati tu, lakini kilichonishika ni ardhi. Mwaka 1809 pale Fort Wayne, gavana wa Indiana, Harrison, aliwawekesha sahihi baadhi ya machifu wakaachia ekari kama milioni tatu, mwaka uliofuata Tecumseh akamfuata Vincennes akamwambia uso kwa uso kwamba ile nchi ni ya wote, hakuna mmoja wa kuiuza. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini, nikakumbuka mwaka 1885 Mangi Rindi wa kwenu Moshi anawekeana mkataba na Mjerumani Jühlke, na nikakumbuka Wameru waliotolewa Engare Nanyuki mwaka 1951, nyumba zikachomwa, mpaka Kirilo Japhet akaenda kusema Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Nilikuwa nayajua yote hayo shuleni kama tarehe za mtihani. Ohio ndo ilinifanya niyaogope.

Na kingine mzee, ni yule mtu anaitwa Lyman Draper, alizaliwa 1815 akafa 1891. Huyu maisha yake yote alizunguka kwa wazee waliobaki na watoto wao, anakaa nao, anauliza, anaandika, asipofika anatuma barua zenye maswali. Mwaka 1851 alikaa Missouri na Nathan, mtoto wa mwisho wa Boone, pamoja na mkewe Olive, akayaandika waliyomwambia. Karatasi zake zipo Wisconsin, karibu majuzuu 500, na kitabu cha Boone alichokuwa anakiandalia hakukimaliza. Lakini kila anayeandika habari hizi mpaka leo anachota kwenye kisima chake. Kasoro yake ni kwamba waliohojiwa wengi mno walikuwa wazungu, wa upande wa pili wachache sana, na ndo maana vitabu vina kurasa nyingi za Crawford.

Sasa kwetu upande unaokosekana bado una watu wanaopumua. Kuna bibi na babu hapo juu kwenu ambao habari ya 1900 waliambiwa na mzazi aliyesimama pale kwenye mti aliponyongewa Meli akaona. Ni S, lakini ni S ya mkono mmoja tu, Draper angevuka mlima kwa ajili yake. Mzee, naomba uniruhusu nipande Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Tutaanza na swali la nani alikuambia, alikuwa nani kwako, na ulikuwa na umri gani, ndo tuendelee, na waongee Kichagga chao cha nyumbani bila kutafsiri papo hapo. Yule fundi wa Ngarenaro wa barua ya kwanza nimeshampigia, amekubali kuja na maiki yake, maana simu peke yake ikiwekwa karibu na jiko inashika kuni zinavyolia kuliko sauti ya mtu.